Ulimi Safi na Bia ya Fenesi

"Hivi, Bi Mwanaidi, huyo Mungu wako naye ana pua, au pua ni yako peke yako?"

Swali hilo niliulizwa na jirani yangu Kalekwa, juu ya ua unaotutenganisha, asubuhi moja nilipotoka kumweleza kwa mara nyingine kwamba harufu ya pombe yake ya fenesi inaingia chumbani kwangu wakati wa sala ya alfajiri. Alikuwa amejifunga kanga kifuani, mwiko mkononi, anaukoroga mtungi kama mtu anayemkoroga adui.

"Mungu hahitaji pua," nikamwambia. "Anajua."

"Basi kama anajua, unakuja kushtaki nini kwangu? Rudi kwenye mswala wako, Bibi Tasbihi. Fenesi langu halijakuita."

Nikarudi. Nikafunga dirisha, nikachoma ubani. Yeye akakohoa kwa makusudi mpaka ubani ukaisha. Ndivyo tulivyoishi tangu mume wangu, Mungu amrehemu, aliponiachia nyumba ile na ua ule mbovu. Sikumpenda Kalekwa, naye hakunipenda, na mtaa mzima ulilijua hilo kama unavyojua kisima cha nani kina maji ya chumvi. Naliandika mapema kwa sababu Serikali yetu ililijua pia, na Serikali ikijua kitu, hukitafutia kazi.

Nchi yenyewe sina haja ya kuitaja. Anayeishi humo anaijua, na asiyeishi humo amshukuru Mola wake. Ni nchi ya amani sana. Amani yetu ni nyingi kiasi cha kuwekewa wizara yake, na askari wa wizara hiyo wana marungu. Juu ya wizara zote yuko Mlezi Mkuu, ambaye hajawahi kukosea, na kuhusu jambo hilo ipo sheria.

*

Mwaka ule Wizara ya Ladha ilitangaza Operesheni Koo Safi. Waziri wa Ladha, Mheshimiwa Mtagwaba, alizungumza redioni wakati wa taarifa ya habari, na taarifa ya habari ikasubiri mpaka kesho yake.

"Ndugu wananchi," alisema, "wataalamu wetu wamegundua kwamba pombe ya fenesi inayopikwa na akina mama mitaani ni sumu. Inamfanya mwananchi acheke bila sababu. Na mwananchi anayecheka bila sababu, ndugu zangu, kesho atacheka kwa sababu."

Askari wakaja mtaani kwetu. Waliivunja mitungi ya Kalekwa kwa heshima, wakisimama wima na kupiga saluti kabla ya kila mtungi, maana operesheni ilikuwa na utaratibu wake. Mtungi mmoja, ule mkubwa, hawakuuvunja. Waliufunika blanketi, wakaupakia garini taratibu kama mgonjwa, wakasema unakwenda kufanyiwa uchunguzi. Wakachukua na mwiko aliourithi kwa mama yake. Wakaangua na mafenesi yote yaliyokuwa mtini, hata yale mabichi. Mwisho wakakumbuka kumkamata Kalekwa.

Alipitishwa mbele ya mlango wangu, pingu mikononi.

"Haya, Bibi Tasbihi, hewa yako hiyo," akasema. "Vuta."

Nilivuta. Kesho yake nilisali alfajiri dirisha likiwa wazi, na nilishukuru kwa hewa. Kwa pingu sikushukuru. Mambo hayo mawili mimi huyaweka mbali mbali, ingawa Wizara huyapanga kabati moja.

*

Haukupita muda mrefu, Mheshimiwa Mtagwaba akarudi redioni, safari hii sauti imejaa sukari. Serikali imevumbua kinywaji. Kinaitwa Bia ya Ufundi yenye Ladha ya Tunda. Hakitengenezwi kwenye mitambo mikubwa kama bia za watu wenye haraka. Kinapikwa kwenye mitungi, kidogo kidogo, kwa mkono, kinakorogwa kwa mwiko wa mti. Tunda lenyewe ni siri ya Taifa. Picha yake ilichapwa kwenye chupa: tunda lenye ngozi ya vipele vipele, ukubwa wa mtoto anayetambaa. Kiwanda kilikuwa cha shemeji yake Waziri, ambaye hadi hapo alikuwa akiuza matairi, na ambaye aliliambia gazeti kwamba ufundi wa bia alikuwa nao siku zote, ila alikosa wakati.

Mashehe na maaskofu waliuliza, kwa sauti ya chini, kama kinywaji hicho ni kileo. Waziri akatoa tamko.

"Kinywaji hiki si kileo," alisema, "kwa kuwa kimetengenezwa na Serikali, na Serikali hailewi."

Swali likafungwa. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyeokota chupa iliyodondoka kwenye gari la kiwanda alikutwa akimpigia saluti mbuzi. Polisi walieleza kwamba amezidiwa na uzalendo.

Lilibaki jambo moja dogo: watu walikuwa na pua. Sokoni, kisimani, kwenye foleni ya mafuta ya taa, kila chupa ilipofunguliwa watu walitazamana, wakasema "aah," wakanyamaza. Wizara iliwaita wataalamu wake waithibitishie nchi kwamba bia ya Serikali haina undugu na pombe ya Kalekwa. Lakini wataalamu walikuwa wamekwisha kuionja bia ile kwa wiki nzima, na kila walichoulizwa waliitikia kwa wimbo. Ndipo ikaamuliwa utafutwe ulimi ambao haujawahi kuguswa na pombe, uonje hadharani, utamke, na nchi iamini. Ukapewa na cheo: Ulimi Safi wa Taifa.

*

Mjumbe wetu wa mtaa, Bwana Kitwana, alibisha hodi kwangu akiwa na maafisa wa Wizara, makoti na tai kwenye joto lile.

"Mama," akaanza mkubwa wao, "umewahi kunywa pombe?"

"Sijawahi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Hata kwa bahati mbaya?"

"Bahati mbaya zangu zilikuwa nyingine."

Afisa akafurahi. Akatoa tochi, akaniambia nifungue mdomo, akachungulia humo kwa muda mrefu kama anayetafuta kitu chake. "Ulimi wa kiwango," akasema.

"Ulimi huu nasomea Yasini," nikamwambia. "Siutii bia."

"Si bia kama bia, mama. Ni Bia ya Ufundi."

"Na huo ufundi wake nini?"

"Ladha ya tunda."

"Basi nileteeni tunda."

Bwana Kitwana akanivuta kando, karibu na pipa la maji. "Bi Mwanaidi, usijitie ugumu. Hawa hawakuja kuomba. Tena ni jambo jepesi. Unaonja, unasema bia ya Serikali haina undugu na uchafu wa yule mwanamke, unarudi kwako. Si unamchukia? Basi chuki yako leo imepata kazi serikalini."

"Na yeye atafanywa nini?"

Hilo alilijibu afisa. Kesi ya Kalekwa itasikilizwa siku hiyo hiyo ya uzinduzi, ukumbi huo huo, ili kubana matumizi, kwa kuwa viti vitakuwa vimekwisha kupangwa. Ulimi Safi ukishatamka, Hakimu atamfunga.

"Kifungo gani?"

"Kifungo mpaka asahau."

"Asahau nini?"

"Mapishi. Atakuwa anaulizwa kila mwaka. Akikumbuka, anarudishwa ndani."

"Na mtu anasahauje kitu anachoulizwa kila mwaka?"

Afisa akaitazama saa yake. "Hilo," akasema, "ni la mahakama."

"Na mimi nikisema vinafanana?"

Wakatazamana, kisha wakacheka, na Bwana Kitwana akacheka zaidi ya wote. "Wewe?" akasema. "Wewe uliyemsomea dua mbaya mtaa mzima ukisikia?"

"Haviwezi kufanana, mama," afisa akaniambia kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. "Vikifanana, ama cha kwake si sumu, na itabidi aachiwe, ama cha Serikali ni sumu, na Serikali haitengenezi sumu. Umeona? Sheria imekwisha kulifikiria."

Nikawaambia tena kwamba bia sitainywa. Wakaniaga kwa heshima zote, kama watu ambao hawakusikia.

*

Jirani ana haki yake hata akiwa jirani wa kukohoa, kwa hiyo nilimpelekea Kalekwa chakula kituoni. Askari wa zamu alikionja kwanza kwa ajili ya usalama, na usalama wa nchi yetu unapenda sana wali wa nazi.

"Umekuja kunusa?" Kalekwa aliniuliza kutoka nyuma ya nondo.

"Nimekuletea chakula."

Akafunua bakuli. "Hiki kimeliwa."

"Kimeonjwa."

"Mbuzi wangu yuko wapi?"

"Kwangu. Amekula kanga yangu ya Idi."

"Ile ya kijani?"

"Ile ile."

"Basi ana macho," akasema, akakomba wali uliobaki kwa kidole. Alikuwa amekonda, na pale shingoni palikuwa na alama ambayo sikumuuliza. "Nasikia umekuwa ulimi."

"Wamenichagua."

"Miaka yote hiyo ulikuwa unanisema bure. Leo umepandishwa cheo."

"Sijakubali kuinywa."

"Kunywa sijakuuliza. Utasema nini?"

"Nitasema lililopo."

"Lililopo." Akalirudia neno lile kama anayepima chumvi. Kisha akasogea kwenye nondo, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakupandisha sauti. "Sikiliza, Bi Mwanaidi. Mama yangu alinifundisha mtungi ule kabla hajanifundisha kusuka nywele. Wakinifunga mpaka nisahau, wamenifunga mpaka nife, na wanajua. Wewe nichukie tu, hilo sina neno nalo. Ila usinichukie kwa niaba yao."

Nikachukua bakuli langu, nikaondoka. 

*

Sasa, kwa msomaji aliyelelewa kwenye nchi holela, lazima nieleze Kanuni ya Kumeza.

Kwetu mdogo hatangulii kula mbele ya mkubwa, na hiyo ni adabu nzuri ya tangu zamani. Serikali iliipenda, ikaichukua, ikainenepesha mpaka ikawa sheria. Chochote kinacholiwa au kunywewa hadharani, hakuna ruhusa ya kumeza kabla mkubwa wako hajameza. Anayetangulia anahesabiwa amempindua mkubwa wake kwa upande wa koo. Na kutema kilichotolewa na Serikali ni kuitema Serikali. Yupo afisa mmoja aliyewahi kumeza pilau wakati Mlezi Mkuu bado anatafuna. Alihamishiwa milimani akaongoze meli, na yuko huko mpaka leo anazisubiri.

Jambo la pili ni Kiti. Mlezi Mkuu hakalii kiti cha watu. Kiti chake hutangulia, kwenye gari lake chenyewe, na pikipiki zake na ving'ora vyake, na barabara hufungwa ili kipite. Wanafunzi hupangwa kukipungia bendera. Mlezi mwenyewe hufuata baadaye, akiamka vizuri.

Haya yote wakubwa wa nchi wanayajua. Ndiyo maana lililotokea siku ile lilinishangaza, ingawa sikuonyesha.

*

Ukumbi wa Furaha ya Taifa ulijaa mpaka milangoni. Mbele alikaa Waziri, nyuma yake makatibu, nyuma yao wakuu wa mikoa, na kadhalika kwa vyeo mpaka kwa watu wa kawaida, ambao walisimama. Upande mmoja alikaa Hakimu na joho lake na nyundo yake. Upande wa pili palikuwa na benchi la vielelezo, na juu yake walipangwa mtungi, mwiko na Kalekwa. Pingu zilikuwa pungufu siku ile, kwa hiyo walizifunga kwenye masikio ya mtungi, kwa kuwa ndio uliotajwa kwanza kwenye mashtaka. Kalekwa alilindwa na sajini.

Mimi niliwekwa karibu na kipaza sauti. Kwenye meza ndogo mbele yangu palikuwa na glasi ya Ulimi Safi, imefungwa utepe.

Waziri alihutubia. Alisema bia ile haigugumiwi kama maji, inasomwa. "Mwananchi mzalendo akiionja," alisema, macho kayafumba, "kwanza atalihisi tunda. Halafu, katikati ya ulimi, atazihisi barabara za lami. Na mwisho kabisa, kwa mbali, nyuma ya koo, akitulia, atamhisi Mlezi." Watu wakapiga makofi. Mkuu wa mkoa mmoja alilia, na waliokuwa karibu naye, kwa tahadhari, wakalia pia.

Kisha akasimama Bwana Itifaki, ambaye kazi yake ni kujua nani anatangulia mlangoni. Alieleza utaratibu. Kila mtu amepewa glasi, hata waimbaji, hata sajini, hata askari wa getini, maana furaha ya Taifa haibagui. King'ora cha msafara wa Mlezi kikisikika, kila mtu ajaze mdomo na kungoja. Mlezi ataingia, ataketi, atameza. Na Taifa zima litameza pamoja naye, mlio mmoja, moja kwa moja redioni. "Koo la Taifa," alisema Bwana Itifaki, "litasikika mpaka nchi jirani." Baada ya hapo Ulimi Safi utaonja na kutamka, na Hakimu atahukumu, na chakula kitafuata.

King'ora kikasikika.

"Jazeni," akasema Bwana Itifaki, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho kwa siku ile.

Wakajaza. Waziri, mtu apendaye kuwa mfano, alijaza mashavu yote mawili mpaka macho yakawa madogo. Hakimu akajaza. Sajini akajaza. Wapiga tarumbeta wakajaza. Milango ikafunguliwa, makanali wakaingia wakiwa wamebeba kitu mabegani, na wote tukasimama.

Kilikuwa Kiti.

Kikawekwa jukwaani. Makanali wakakipigia saluti, wakapewa glasi zao, nao wakajaza. Wimbo wa Taifa ulipigwa na mpiga ngoma peke yake, maana ngoma haihitaji mdomo. Kisha tukakaa, tukakitazama Kiti, na Kiti hakikumeza.

Mlezi Mkuu, tulikuja kusikia, alikuwa amelala, na kwa kuwa hakuna aliye mkubwa wake, hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumwamsha.

Nimeona mengi katika maisha yangu. Nimeona bunge likipiga kura ya kuishukuru mvua. Lakini sijawahi kuona ukumbi kama ule. Mashavu ya nchi nzima yalikuwa yamevimba, na bia ile ilikuwa na gesi. Machozi yalianza kuwatoka watu bila huzuni. Katibu wa Wizara alitokwa na povu puani, akalifuta haraka kwa bendera ndogo aliyopewa ya kupungia, kisha akaitazama bendera ile kwa hofu, akaikalia. Waziri alishika shingo yake kwa mikono miwili kama mtu anayemzuia mbwa.

Na redio ilikuwa hewani, kimya. Kwetu redio haikai kimya. Mara ya mwisho ilipokaa kimya, kilipopita kile kimya tulikuwa na serikali nyingine. Jasho likamtoka Bwana Itifaki. Akaangaza macho ukumbi mzima akitafuta mdomo mtupu, akaukuta wa Kalekwa, akauruka haraka, akaukuta wangu. Akaninyooshea kidole. Akakinyooshea kipaza sauti. Akaweka mikono pamoja, kama anayeomba.

Nikasimama. Ningeogopa kama kungekuwa na mtu mwenye mdomo mtupu wa kuniambia nikae.

"Bismillahi," nikasema. "Mimi ni Mwanaidi, mjane, jirani wa mwanamke yule pale kwenye benchi. Nimeitwa hapa niwe ulimi. Ulimi wangu siutii bia, niliwaambia mapema, na waliokuja kwangu wamo humu, wanaweza kunisahihisha."

Hakuna aliyenisahihisha.

"Lakini kuhusu pua sikuapa lolote. Harufu ya mtungi wa Kalekwa imeingia kwenye sala zangu kwa miaka. Nimeifungia dirisha. Nimeichomea ubani. Nimeiombea mabaya. Naichukia, na kitu ninachokichukia nakijua hata nikiwa gizani." Nikainua ile glasi yenye utepe mpaka puani. Sikuhitaji hata kuisogeza. Ukumbi mzima ulikuwa unanuka alfajiri zangu. "Ni hii. Ni hii hii. Ila hii wameivalisha utepe."

"Mmmh," akafanya Waziri, kwa nguvu, akitikisa kichwa. "Mmmh, mmmh," wakafanya makatibu. "Mmmh," wakafanya wakuu wa mikoa wote. Mtangazaji wa redio alikuwa chumba cha nje, haoni kitu. Akaliambia Taifa: "Naam, wasikilizaji, mnausikia ukumbi ukiafiki."

Hakimu akagonga nyundo ili ninyamaze. Lakini kwetu nyundo ya Hakimu ikigonga katikati ya ushahidi, maana yake ushahidi umepokelewa, na karani wake, ambaye naye alikuwa na mashavu, akanyanyua mkono kuthibitisha, kwa mazoea.

"Basi mimi mjane naomba kuelimishwa," nikaendelea. "Waziri alituambia pombe ya fenesi ni sumu. Kama ni sumu, viongozi wetu wote hapa mnayo mdomoni, na namwomba Mola awape subira." Macho mengi yalipanuka. Walikuwa hawajalifikiria hilo. "Na kama si sumu, mwanamke yule amekaa pale kwa kosa gani? Anayelijua na aseme. Nitangoja."

Nikangoja, kwa adabu. Hakimu alimtazama Waziri. Waziri alikuwa amebadilika rangi, hotuba yake ya kufunga ameikunja mpaka imekuwa kama kitambaa cha jikoni. Ukumbini hapakusikika kitu ila gesi.

"Hakuna aliyesema," nikasema kwenye kipaza sauti. "Basi hakuna kosa."

Kalekwa akainuka kwenye benchi.

Sajini akamtazama Hakimu, apewe amri. Hakimu akamtazama Waziri. Waziri, kwa utaratibu wa vyeo, akakitazama Kiti. Kiti hakikukataa.

Kalekwa akaja mpaka pale nilipokuwa, taratibu, ananuka mahabusu. Akaitazama glasi mkononi mwangu, kisha akanitazama mimi, uso ule ule wa juu ya ua.

"Hunywi hii?" akaniuliza.

"Sinywi."

Akaichukua. Akaufungua utepe, akaniwekea kiganjani. Akainua glasi, akainywa yote, mbele ya kipaza sauti, na mlio wa koo lake ukaenda redioni, mmoja, safi, mpaka nchi jirani. Ukumbi mzima ukashtuka kama umepigwa. Wengine walifumba macho.

Akapanda jukwaani, akaipindua glasi, akaiweka juu ya Kiti, pale pa kukalia. Akajifuta mdomo kwa kiganja. Akarudi kwenye benchi la vielelezo, na mtungi akauacha na pingu zake. Alichukua mwiko wa mama yake, akauweka begani, akapita katikati ya safu za waheshimiwa, mashavu yakimgeukia kila alipopita. Hakunitazama. Alipita mlangoni, kwa askari wenye midomo iliyojaa, akatoka.